Taa Mpya, Nyaya za Baba

"Hivi wewe kwenye basi unasali au unasikiliza ya watu?" jirani yangu aliwahi kuniuliza. Mungu anisamehe, nafanya yote mawili.

Jana mbele yangu alikaa dereva wa lori, amepakata taa mbili kubwa za kuongeza. Alimwambia dada aliyekaa naye kwamba akifika nyumbani ataziunga kwenye nyaya zilezile za taa za zamani, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yake. Dada akaguna. "Kaka, mimi ni fundi umeme wa magari. Nyaya hizo zimechoka, zitayeyuka. Vuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, uweke na fyuzi yake." "Mzee alisafiri hivyo maisha yake yote, na hakuungua." "Kwa taa kubwa hivi?" "Zake zilikuwa kama koroboi," akakiri, nami nikacheka katikati ya sala. "Sasa lori lenyewe si ndilo alilokuachia?" "Ndilo hilo tu, dada." "Basi usilichome."

Dereva akazipapasa taa zake. Basi liliposimama kwenye maduka ya spea, mbali bado na alikosema ni kwake, aliinuka akashuka na taa zake, akaelekea duka la nyaya.