Selipher Achieng, Aliyewatafuta Walioacha Kuja

Ndugu, shemeji, majirani na wote mliofika hapa Al-Sulay, Riyadh, mimi ni Wesley Onyango, kaka yake mkubwa, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu kabla hatujamsafirisha nyumbani, nanyi mnivumilie, maana Alhamisi tulikuwa tunacheka kwenye simu, akiniuliza leo nimegombana na nani, na hadi sasa neno marehemu linakataa kukaa mbele ya jina lake.

Selipher Achieng alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Ahero, jua likiwa la utosi, ndipo akaitwa Achieng, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Onyango na Mama Roseline, ambaye anatusikiliza kwa simu. Alisoma shule ya msingi na ya upili hukohuko, akamaliza mwaka 2004, akaingia chuo kikuu Nairobi na kuhitimu shahada ya sosholojia mwaka 2009, wakati sisi wengine tulikuwa tunahitimu gereji.

Tarehe 10 Desemba 2011 alifunga ndoa na shemeji yetu Timothy Kamau, wakajaliwa Fidel mwaka 2013 na Shiro mwaka 2016.

Mwaka 2018 walihamia Riyadh, yeye akiwa mtathmini wa miradi ya umma inayopambana na fujo za vijana na kuwarudisha waliotengwa, kazi ambayo wengi mmeniuliza ni kazi gani, nami huwajibu ni kuangalia kama mgonjwa amepona, si kama chupa ya dawa imeisha. Mwaka 2022 alitumwa Jeddah, kwenye kituo cha vijana upande wa bandari, akaonyeshwa ukumbi uliojaa vijana watulivu ili aandike kwamba fujo zimekwisha, lakini yeye akaondoka akaenda kukaa kwenye kibanda cha chai na wale walioacha kuja, wakamweleza kwamba mlinzi alidai ikama, kile kibali cha ukaazi, mlangoni na asiyekuwa nayo akafukuzwa, kumbe waliobaki ndani walikuwa watulivu tangu zamani, na waliokuwa wanaogopwa na mtaa walibaki nje. Bosi wake alipomwambia kwamba hao hawamo kwenye mradi, alimjibu, "Ndiyo maana nimewatafuta, bosi." Aliandika hivyohivyo, nusura avunjiwe mkataba, lakini Machi 2023 sharti la ikama likaondolewa.

Kuhusu ugonjwa sina la kusoma, kwa sababu hakuugua. Ijumaa tarehe 6 Februari 2026 alikwenda sokoni Batha kumnunulia Shiro viatu, akashika kichwa, akaanguka kwenye ngazi za duka, mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya kichwa, na Jumamosi saa tatu asubuhi akatutoka. Miaka thelathini na tisa. Mimi bado sielewi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Aliyekuwa naye pale Batha, akamwinua, akasimamisha teksi na kumshika mkono hadi hospitalini, ni Valary Mueni, yule tuliyemtoa kwenye chama chetu cha kuzikana hapa ugenini mwaka 2024 baada ya kumtoroka kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, na kuja kututukana mkutanoni na kurusha sahani, tukapitisha kwamba hatazika wala hatazikwa nasi. Selipher peke yake aliendelea kumtembelea, akitaka kujua ile sahani ilianzia wapi, na Ijumaa hiyo walikuwa pamoja, huku sisi wanachama wema tuko kikaoni, simu tumezima.

Jana kamati iliniomba niandike "msamaria mwema" badala ya jina lake, na yeye abaki nje ya geti. Mimi sisomi uongo mbele ya jeneza la dada yangu. Danson, wewe ni mwenyekiti na funguo unazo, nenda ukamfungulie, nitangoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake hadi asubuhi, majirani waliowalisha Fidel na Shiro, wafanyakazi wenzake wa Riyadh, na wale vijana wa Jeddah waliosafiri kwa basi usiku kucha, na wewe Valary, dada, usikae huko nyuma, njoo hapa mbele karibu na Timothy.

Achieng, uliyekuwa unamtafuta nje ameingia, kazi imekamilika, pumzika kwa amani.