Ulimi wa Chui Umefika Barabarani

Risala ya Wamama wa Mutelemuko, siku ya kufungua Parke ya Watoto
Bukavu, mwezi wa saba 1983

Mugeni rasmi, Citoyen Commissaire wa Zone. Citoyen Cishugi, président wa kamati ya parke. Wakubwa wote muliokaa kivulini chini ya bâche. Ba papa na ba maman:

KARIBU

Sisi wamama tunaokaa kwenye mutelemuko huu, nyumba zetu zikitazamana na mulango wa parke, tunakusalimia kwa mikono miwili. Tumeimba, tumecheza ngoma za animation mpaka sauti zimekauka. Citoyen Cishugi alituambia risala iwe fupi, na iwe ya kushukuru. Tunashukuru. Sasa tunaendelea.

NAMNA MULANGO ULIVYOZALIWA

Mawe ya mulango huu yametoka kando ya ziwa, na yamepanda mpaka hapa juu ya vichwa vyetu, siku za salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima. Hatusemi hivyo kwa kudai kitu. Tunasema ili ujue kwamba hakuna mwenye kuupenda mulango huu kupita sisi. Bembea, farasi za mbao zenye kuzunguka, vyote hivyo watoto wetu walikuwa wanavisikia tu kwa wale wenye kusafiri mpaka Kinshasa.

Kamati ilitafuta fundi wa rangi, Citoyen Lwaboshi, yule anayepaka kamyoni na kuta za mabaa. Ni yeye aliyejenga kichwa cha chui kwa simenti, mutoto aingilie kinywani. Macho ameyafanya na vitako vya chupa. Jua likipiga, yanawaka. Meno meupe, masharubu ya waya. Na ulimi mwekundu wa simenti umeteremuka kutoka kinywani mpaka kwenye ukingo wa lami, ndio njia ya kupandia.

Tunaomba tusikiwe vizuri hapa. Chui tunamuheshimu, ni alama ya nchi yetu, na kichwa kibaki mahali kilipo. Sisi tunaongelea ulimi tu.

KILE TUNACHOSIFU

Rangi ni nzuri, hakuna wa kubisha. Mutoto aliyekuwa analia anaona ule mulango, analegeza uso. Ndani, kila mahali pa kuchezea pamepakwa chini kare, miraba ya manjano na ya bluu, na watoto wamejifunza peke yao: ukiona kare, hapo ndipo mchezo. Wanaruka na muguu moja, kare mpaka kare, na mwenye kukanyaga mustari ameshindwa. Hakuna aliyewafundisha. Rangi ndiyo iliwafundisha.

Kama mambo yangeishia hapo, risala hii ingekuwa imekwisha.

KILE KINACHOTUKOSESHA USINGIZI

Rangi ilibaki. Makopo yalikuwa yanangoja kwenye dépôt, na siku ya kuja kwako ilikuwa inakaribia. Kamati ikafikiri namna hii: mugeni atatoka juu na gari, na kule juu kuna kona, akishakata kona aone rangi nzuri mara moja. Basi wakamwambia Lwaboshi atoe kare nje. Zikatoka kinywani, zikateremuka kando ya ulimi, zikavuka barabara yote ya lami, zikaja kusimama mbele ya milango yetu.

Citoyen Commissaire, kwenye barabara hiyo kunapita kamyoni. Za Kamanyola zinaleta mupunga, za Luvungi zinaleta nyanya na muhogo, zile za Nyangezi zimejaa ndizi na watu juu ya ndizi. Freni zao za kusimamishia unazijua, hata kama gari yako iko na freni nzuri.

Tulimuuliza Lwaboshi, na yeye ni mutoto wa watu, hatumuchukii. Akajibu: "Ba maman, mi banipatia rangi, banasema iishe kabla ya mugeni kufika. Ningeipaka wapi, mu ziwa?"

Tukaenda kwa Citoyen Cishugi. Akatuambia: "Ninyi bamama munapenda tu kulaumu. Muchunge batoto yenu."

Mukubwa wetu, Maman Mwa Lurhakwa, alikuwa amesimama na fimbo yake. Akasema: "Papa Président, we ulimwanga sukari mu njia, sasa unakasirikia sisimizi?"

Watu walicheka, hata Citoyen Cishugi alicheka. Kare zikabaki.

Hatukutaka kusoma kinachofuata, lakini lazima. Juma iliyopita, mutoto anayeitwa Nsimire, wa miaka sita, alitoka mulangoni kwao akiruka na muguu moja. Hakujua kwamba anavuka barabara. Kwa akili yake alikuwa ameshaingia parke, kwa sababu kare zinaanzia kwao. Alifika katikati ya lami, akasimama kwenye kare ya manjano, akipima namna ya kurukia ya bluu. Kamyoni ya mupunga ikakata kona.

Dereva alipinda usukani kwa nguvu zake zote, kamyoni ikaingia kwenye uzio wa parokia, magunia yakapasuka, mupunga ukateremuka na mutelemuko sawa na maji. Nsimire hakuanguka. Alikuwa bado na muguu moja juu. Akamwambia dereva: "Tonton, umekanyaga mustari. Umeshindwa."

Yule mwanaume alikuja kukaa juu ya ulimi wa chui. Akamwambia mama ya mutoto: "Maman, usiniue. Mi niliona rangi mingi, sikuona mutoto. Robe yake iko manjano."

Gauni ilikuwa manjano, ni kweli. Mama yake mwenyewe ndiye aliyeishona, ya kuvaa siku hii ya kufungua parke, na Nsimire alikataa kungoja. Mama huyo ndiye anayekusomea.

Kisha kamati ikaleta dawa. Ni kile kibao unachokiona juu pale, herufi nyeusi: ATTENTION ENFANTS, yaani chunga watoto. Mugeni rasmi, Nsimire hajui kusoma. Rangi ndiyo anasoma. Na dereva anajua kusoma, lakini freni yake haijui.

Tena mambo haya hayaishi kwenye kare. Mutoto akimaliza kucheza anatokea palepale kinywani. Ulimi uko na mutelemuko, simenti iko laini, mutoto anakimbia, na muguu hausimami mpaka kwenye lami. Kuingia ni hatari, kutoka ni hatari. Tumelisema na kulirudilia mpaka watu wanatukimbia njiani, wanasema wale bamama ba rangi wanakuja.

TUNACHOOMBA

Hatuombi parke ifungwe. Watoto wetu wangetulaani.

Tunaomba kare za barabarani zitolewe zote, lami irudie weusi wake, mutoto ajue kwamba hapo si kwake. Tunaomba chui afungwe kinywa kwa kamba au kwa ukuta, abaki wa kuangaliwa na kupigwa picha. Na mulango ufunguliwe chini, upande wa kichochoro cha parokia, mahali ambapo gari haipiti. Kisha Lwaboshi apeleke huko manjano yake na bluu yake, na macho ya chupa, kila kitu chenye kuwaka. Watoto watafuata. Mutoto anafuata rangi sawa na kuku anavyofuata mahindi. Hakuna haja ya kumupigia kelele. Kuvunja uzio na kubeba mawe, hiyo tutafanya sisi. Vichwa tunavyo bado.

Leo mutelemuko umenyamaza kwa sababu askari wamesimamisha kamyoni kule juu kwa heshima yako. Tunazisikia zinanguruma nyuma ya kona. Ukishaondoka, wataziachilia.

Tuliambiwa tukutandikie vikwembe, vitambaa vyetu vya kujifunga, kama tunavyomufanyia kila mugeni tunayemuheshimu, kutoka kwenye gari yako mpaka kwenye ulimi. Tumetandika. Hatukufuata mustari waliotuonyesha. Tumevitandika juu ya kare zote, kutoka kwenye ulimi mpaka milangoni mwetu, hakuna hata moja yenye kuonekana. Ndiyo maana watoto wetu wamekaa kimya kando yetu wakati wote tunaposoma. Wameangalia barabara, hawaoni mchezo.

Desturi unaijua: kikwembe kilichotandikiwa mugeni, mwenyewe ndiye anayekiokota, akishaona mugeni amefika. Sisi tutahesabu kwamba umefika siku ile mulango utakapogeuka. Mpaka siku hiyo vitalala hapo, na kamyoni itafute njia nyingine.

Kabla ya kukata utepe, tunakuomba uje upande wetu. Kanyaga bila woga, ndiyo kazi ya vikwembe. Katikati utaona kikwembe cha kijani chenye samaki. Chini yake ndiyo kare ya Nsimire. Simama hapo, uiname kidogo, uwe na urefu wa mutoto, kisha uangalie kule juu kunakotoka kamyoni. Utaona kona tu.

Mungu akuongoze, akulindie wale uliowaacha nyumbani, kila mutoto wako arudi jioni na miguu yake miwili na kelele zake zote.

Ni sisi, Wamama wa Mutelemuko, tumesimama mbele yako na kikwembe kimoja kimoja kilichobaki mwilini.

Imesomwa na Mama Nsimire.