Mkono Wako Ulikuwa Wapi

Kabla sijawasalimu kwa vyeo vyenu kama nilivyoelekezwa, nina neno moja ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mwalimu wangu Bi Alderson. Nimekubaliwa kwenye chuo cha ukunga mjini Leeds, masomo yanaanza Septemba, na baba yangu hajui.

Naona shingo zinataka kugeuka. Tafadhali msigeuke. Amekaa nyuma kabisa, karibu na birika kubwa la chai, na sikio lake moja lililo zima liko upande wa dirisha. Kifaa cha kumsaidia kusikia amekiacha nyumbani, kwa sababu anasema kinapiga mluzi na mbwa anadhani ameitwa. Kwa hiyo nitasema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo nyote mnaujua udogo wake, na hatadhurika mtu.

Sasa nisalimie. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji, Bwana Clarkson, Mchungaji wetu, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazazi wetu mlioacha nyasi zilizokatwa mashambani ilhali mvua inanukia, Bi Peg Sunter, mkunga wetu wa zamani, uliyeoka keki ya matunda na kutukatia jibini la kuilia, wanafunzi wenzangu tuliomaliza, na wewe, Bi Alderson, unayestaafu leo baada ya kutufundisha Kiingereza, lugha tuliyodhani tulizaliwa tukiijua: habari za mchana.

Nilipoambiwa nizungumze kwa niaba ya wanafunzi, nilimfuata Bi Alderson nikamwomba amchague mwingine. Akaniambia, "Nimekuchagua kwa sababu hutasema zaidi ya unachokijua." Basi nitasema ninachokijua.

Siku moja aliingia darasani na gunia, akaandika neno moja ubaoni, *feel*, akatuuliza lina maana gani. Tulicheka. Nani asiyejua neno hilo? Kisha akatufungulia kamusi, na neno letu dogo lilikuwa limejaza ukurasa: kugusa kwa vidole, kupapasa gizani, kuona baridi, kuumia, kudhani bila ushahidi, kumwonea mwenzio huruma. Kit Iveson, ambaye leo amechana nywele kwa heshima yenu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mie nahisi njaa tu."

"Vizuri, Kit. Iko wapi hiyo njaa?"

"Tumboni, mwalimu. Ingekuwa kwenye kiatu?"

"Iguse."

Tukaangua kicheko. Lakini Kit aliweka mkono tumboni, akasema, "Hapa. Kama ngumi iliyokunjwa."

"Hiyo ni sentensi ya kwanza ya kweli uliyonipa tangu Krismasi," Bi Alderson akasema.

Kisha gunia likapita, kila mtu akitia mkono bila kuchungulia. Lilipofika kwangu niligusa sufu ya kondoo. Nikashika uzi wake mmoja kwa vidole viwili, nikauvuta kama tunavyovuta sote, na mahali fulani katikati ukakatika. Kila mtu ukumbini humu anajua maana yake. Kondoo akiugua au akikosa malisho wakati wa theluji, sufu inayoota siku hizo hukonda, na mwili ukishapona, sufu bado inakumbuka.

"Una nini humo?" Bi Alderson akaniuliza.

"Kondoo jike. Alipata taabu wakati wa baridi."

"Na wewe umehisi nini?"

"Nimemwonea huruma."

"Mkono wako ulikuwa wapi?"

"Pale sufu ilipokonda."

Tangu siku hiyo hakutuachia sentensi hata moja ya huzuni au furaha inayoelea hewani. Tukiandika kwamba mtu alihuzunika, pembeni tulikuta wino wake wa kijani: mkono ulikuwa wapi? Alituchosha. Leo nasimama kumshukuru kwa kutuchosha.

Maana sisi wa bonde hili ni watu gani? Tunampapasa kondoo uti wa mgongo kabla ya baridi ili tujue kama atavuka salama, lakini jirani akifiwa tunamwekea pai mlangoni, tunagonga, na tunakimbia. Tunajua kila kitu kwa mikono yetu, ila yale tunayoyabeba vifuani. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kukimbia mlango huo?

Mimi nimeukimbia tangu Aprili. Asubuhi moja ya mvua ya mawe, kondoo wetu alishindwa kuzaa, na kwa kuwa mkono wa Baba ni mkubwa, akaniita. Nilitia mkono, nikapata mguu, nikafurahi, nikaanza kuvuta.

"Wa nani huo?" Baba akauliza.

"Wa mwanakondoo, Baba."

"Wako wawili humo, we binti. Ufuate mpaka begani. Usimvute mtu kabla hujamjua."

Nikafumba macho. Niliufuata mguu mpaka begani, nikakuta si wa kichwa kilichotangulia. Ulikuwa wa ndugu yake aliye nyuma. Nikaurudisha polepole, nikatafuta wa kwanza. Wote wawili walitoka hai, wakipiga chafya. Na hapo, mkono wangu ukiwa bado na joto lao, nikajua kazi ninayoitaka maishani.

Lakini nyumbani tuko wawili tu, Baba na mimi. Kondoo wetu hawana uzio. Kila mmoja amefundishwa mlima wake na mama yake, na hawauziki mbali na mlima huo, kwa kuwa kwingine watapotea. Baba huniambia, "Watakujua wewe baada yangu." Mtu anayasikiaje maneno hayo, kisha aseme Leeds?

Asubuhi ile Baba alimimina maji ya moto kwenye ndoo, akaninawisha mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mtoto. Mkono ukatakata. Akaendelea kuushika.

"Si mbaya," akasema.

Nyote mnajua uzito wa "si mbaya" ya Baba. Bi Peg, uliyenipokea duniani, wewe ni shahidi: hata siku niliyozaliwa alisema hivyohivyo.

Mtaniuliza alihisi nini. Sijui, na nimefundishwa nisiseme nisichokijua. Najua mkono wangu ulikuwa wapi: ulikuwa ndani ya wake, maji yalikuwa yamepoa, na hakuuachia.

Kondoo wa mlima hupotea kwenye ukungu, na ukungu ukiondoka hurudi wenyewe bila kuitwa. Mimi pia nimefundishwa mlima wangu. Kesho, tukimaliza kunyoa manyoya, nitamshika Baba mkono upande wa sikio zima, nimwambie.

Bi Alderson, pumzika vizuri. Mlango wako tutaugonga, na hatutakimbia.

Na ninyi wengine, naomba mnitunzie siri hii mpaka kesho jioni. Baba akiwauliza nimesema nini, mwambieni nimesema si mbaya.

Asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kutogeuka.