Waliombea Shaka Yangu Itoke, Ikakataa

Asifiwe Bwana aliyenipa macho na miguu, ndugu zangu. Nayataja macho na miguu kwa sababu ndivyo vitu alivyotumia kuniokoa. Hakutuma malaika, hakunipa ndoto. Alinipa wasiwasi ukakaa tumboni kama chakula kilicholala, na nilipouombea utoke, ulikataa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Mutua wa Kariobangi, yule anayeuza muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, na maharagwe karibu na soko. Nina wajukuu wengi, na wa kwanza ameingia sekondari mwaka huu kwa alama zake mwenyewe, sio kwa kujuana na mtu. Hilo nalisema kwa sauti. Mimi mwenyewe sikusoma sana. Nilianza shule kule Ukambani, halafu mbuzi wa baba wakakosa mchungaji, ikawa basi. Mtu akiniambia siwezi kuelewa mambo ya pesa kwa sababu hiyo, namwangalia tu, halafu namuuliza kama amekula.

Mzee wangu, Baba Mutua, alikuwa dereva wa lori katika kiwanda cha nguo kule Industrial Area. Watu wakaanza kuvaa mitumba, nguo za kiwanda zikakosa mnunuzi, na asubuhi moja wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani. Walipewa kiinua mgongo chao, chote kwa mara moja.

Ndugu zangu, mshahara ukiukosea mwezi huu, mwezi ujao unakuja mwingine unajirekebisha. Hii pesa haikuwa na mwezi ujao. Ndani yake kulikuwa na chakula cha uzee wetu, kodi ya nyumba, dawa ya presha ya mzee, hata jeneza. Ikipotea, tungebaki kungojea mkono wa watoto, na watoto wenyewe wana watoto.

Na watu walijua imekuja. Sijui nani huwaambia. Binamu ambaye hakuja tulipomzika mama mkwe alikuja na mkate. Kijana wangu Mutua, mzaliwa wangu wa kwanza, alikuja Jumamosi na kuketi karibu sana.

"Mathe, buda anunue matatu," akasema, buda akimaanisha baba yake. "Hiyo ni doo ya kila siku, haingojei mwisho wa mwezi."

"Nani ataendesha?"

"Si mimi niko?"

"Na ikivunjika, nani atatengeneza?"

"Si buda ana pesa?"

Nikamwambia anywe chai kabla haijapoa, maana matatu hiyo imeshafika mwisho wa safari. Alinuna wiki mbili. Nampenda, lakini kumpenda mtu na kumpa uzee wangu aushike ni mambo mawili.

Kwa hiyo msifikiri nilimshuku Ndugu Silas peke yake. Nilishuku kila mtu.

Huyu Silas alikuwa ameanza kuabudu na sisi muda si mrefu. Jina hilo ndilo alilotumia kwetu, kama ni lake sijui. Mtu nadhifu, viatu vinang'aa hata msimu wa matope. Alijua kuomba. Akiomba nyumbani kwa mtu, vikombe vinatetemeka kwenye kabati. Baada ya kuzoeleka alitangaza kwamba Bwana amemwonyesha ardhi ya wana wake, mbele kabisa mahali lami inapoishia, ploti za bei nafuu, ili waliostaafu wajenge nyumba za kupangisha na wazeeke bila aibu. Baba Mutua alisikia neno "aibu" akakaa wima. Mwanamume aliyezoea kutoka asubuhi na funguo za lori mkononi, sasa anashinda nyumbani akiniuliza maharagwe yanachemka saa ngapi. Nilimwelewa.

Jumapili moja baada ya ibada tulipakiwa kwenye basi la kukodi tukapelekwa kuona. Tuliimba njia nzima. Kweli ardhi ilikuwepo. Uwanja mpana, tambarare, na vigingi vyeupe vimepigwa kwa mistari, ndivyo Silas alivyoviita bikoni. Alisema hatutagombana juu ya nani achukue wapi, tutapiga kura kama Waisraeli walipogawana nchi. Vikaratasi vikatiwa ndani ya kofia, kila mzee akatia mkono. Baba Mutua akatoa ploti ya kona, pale barabara mbili zitakapokutana, mahali pa kujenga duka chini na vyumba juu. Watu walipiga makofi. Wamama wakapiga vigelegele. Sikuwa nimemwona akicheka namna ile tangu kiwanda kifungwe.

Mimi nilikuwa nimeinama, naangalia chini.

Mavi ya mbuzi, ndugu zangu, mniwie radhi kuyataja mahali patakatifu. Yalikuwa mengi, mapya juu ya makavu. Na nyasi hakuna. Pembeni kote nyasi zimesimama, lakini ndani ya uwanja hakuna hata jani moja.

"Ndugu Silas," nikauliza, "haya mavi ni ya mbuzi wa nani?"

"Ni wa majirani, mama. Hupitia tu."

"Majirani wako wapi?"

Akacheka, akawageukia wazee. "Mama anataka kuhesabu mbuzi, na Bwana anatupa nchi."

Watu wote wa basi wakacheka. Mzee wangu naye akacheka, na hicho ndicho kilichonichoma. Njiani kurudi nilimwambia polepole, "Baba Mutua, turudi siku ya kazi tuone."

"Mama Mutua, usiniaibishe mbele ya watu."

"Hakuna mtu atakayejua."

"Mungu atajua."

Tulitakiwa kulipa pesa yote Jumapili iliyofuata. Wachache walilipa palepale, wakapewa risiti zenye muhuri wa duara. Mzee wangu angelipa pia, ila pesa ilikuwa benki na benki ilikuwa imefungwa. Kumbe hata mlango wa benki Mungu anaweza kuutumia.

Jumanne, ushirika wa nyumbani ulifanyika kwetu. Silas alikuja. Alisema kuna mtu katika nyumba hii ana roho ya shaka, na roho hiyo itamzuilia mumewe baraka. Hakutaja jina, lakini macho yote yalikuja kwangu kama nzi kwenye kidonda. Waliniwekea mikono. Ndugu zangu, waliniombea kweli, wengine wakilia, na hao waliolia walikuwa wananipenda. Mikono yao ilikuwa mizito kichwani mwangu. Nami nikaomba kimoyomoyo. Nikasema, Bwana, kama shaka hii ni ya adui, iondoe sasa hivi, nimechoka kuchekwa. Kama ni yako, iache inisumbue zaidi.

Walipomaliza, Silas akauliza, "Imetoka, mama?"

Nikajisikiliza. Ilikuwa palepale, na imenenepa.

"Ameni," nikasema, maana neno hilo halikumdanganya mtu yeyote.

Alhamisi nilimwachia jirani sufuria zangu, nikachukua leso na mwavuli. Nilimwambia mzee naenda kutafuta maharagwe ya bei nzuri. Nilipanda gari mpaka mwisho wa lami, halafu nikatembea. Miguu yangu inavimba, mnaijua. Kabla sijafika nilisikia sauti. Nilidhani ni watu wanagombana. Nilipokaribia nikajua ni mbuzi.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mbuzi, kondoo, watu, wanunuzi wakipapasa mbuzi migongo, wanawake wa chai na mandazi, karani wa baraza la mji anakata tikiti za ushuru. Lilikuwa soko, la kila Alhamisi, na lilikuwa la zamani kuliko sisi kuja mjini. Sisi watu wa kanisa tuliletwa Jumapili, siku ambayo hata mbuzi hayupo. Tena ni siku ambayo hatungefikiri mtu anaweza kutudanganya, maana ndiyo kwanza tumetoka kushiriki meza ya Bwana.

Nilitembea nikihesabu mistari mpaka kona. Kigingi cha ploti yetu kilikuwa kimefungiwa mbuzi. Aliyewafunga alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, mwenye buibui na sauti kubwa, wanamwita Mama Halima. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za kile kigingi.

"Hivi?" akasema. "Wacha nikwambie, dada. Zamani tulikuwa tunashika kamba mkononi mpaka kiganja kinachubuka. Juzi tumekuja tukakuta vigingi, uwanja mzima. Wanasema ni watu fulani wa kanisa wamejitolea. Mungu awalipe heri, kwa kweli."

Nilikaa chini, pale pale kwenye duka letu na vyumba vyetu vya juu. Mama Halima akadhani ni jua, akaniletea maji. Nikamweleza. Akasema, "Pole, dada. Sasa sikuombi hela ya bure, lakini mbuzi utanunua?"

Nikacheka mpaka machozi yakatoka. Nikanunua. Mbuzi jike, mdogo, kwa pesa yangu ya maharagwe. Nilibishana bei kwa bidii zote, maana nilikuwa nimesimama kwenye ardhi yangu.

Sitawaeleza vile nilivyomfikisha Kariobangi. Nilipoingia uani, Baba Mutua alikuwa ameketi mlangoni na redio.

"Hayo ndiyo maharagwe?"

"Ni mpangaji wako wa kwanza. Nimemtoa ploti ya kona."

Hakucheka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana nikiketi ningelia. Aliponisikia mpaka mwisho alisema Silas ni mtumishi, labda nimekosea mahali, mimi sijui kusoma ramani. Nikamwambia, sawa, shika kamba hii. Akaishika. Kamba ilikuwa na rangi nyeupe ya kile kigingi, imesuguka mpaka imeingia kwenye nyuzi. Akaisugua kwa kidole gumba. Akaendelea kuisugua. Redio ilitangaza habari, ikamaliza, ikaweka muziki, na yeye bado ameshika kamba.

Jumapili hakubeba pesa. Baada ya ibada Silas alikuja amenyoosha mikono yote miwili. Mzee wangu ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Ndugu Silas, kabla sijalipa, tupeleke tena tukaone. Alhamisi."

"Alhamisi nina safari, mzee."

"Basi Alhamisi ile nyingine."

Silas akamwangalia, akaniangalia mimi. "Mzee, lile soko lisikutie hofu. Linahamishwa, barua iko tayari."

Baba Mutua akamtazama usoni. Akasema, "Mimi sijataja soko."

Ndugu zangu, watu wote pale uwanjani wakamgeukia. Silas alisema anakwenda kuchukua hiyo barua kwenye gari. Gari liliondoka, na hatujaiona hiyo barua mpaka leo.

Waliokuwa wamelipa wako hapa kati yetu. Sitawataja, wameumia vya kutosha, na kesi wamepeleka polisi. Kuna wengine waliacha kunisalimu, wakasema ni mdomo wangu uliomfukuza kabla hajarudisha pesa. Nawasamehe. Lakini nasema, aliyeshika pesa zenu hakuwa mimi.

Na ile pesa yetu? Hatukukimbia nayo popote. Sehemu tuliiweka kwenye chama cha akiba, iwe ya dawa na siku mbaya, na tukakubaliana hata Mutua akija akilia damu haiguswi. Sehemu tulinunulia kiploti kidogo kwenye mtaa wa Lucky Summer, cha kujenga vyumba vichache. Nilikwenda kukiona asubuhi, nikaenda jioni, nikaenda mvua ikinyesha nione maji yanapita wapi. Niliwauliza majirani mmoja mmoja. Mwenye kuuza alichoka, akaniambia, "Mama, unanunua ploti au unaposa?"

"Naposa," nikamwambia. "Na nataka kuwaona ndugu zako wote."

Wakili akatafuta jina la mwenye ardhi kwenye ofisi ya serikali, akalipata ni lilelile la huyo muuzaji. Hata hapo nililala na wasiwasi, na bado ninao. Mpangaji akilipa kodi, naigeuza noti mara mbili kwenye mwanga. Hakuna kona, hakuna duka chini. Kuna vyumba vya mabati, na mzee wangu anavizungukia kila asubuhi na funguo mkononi. Mbuzi naye amezaa. Wajukuu wamempa jina Kona.

Namshukuru Mungu ambaye aliyasikia maombi ya ule ushirika, akakataa kuyajibu. Kama una kitu kinakukwaruza ndani kuhusu mahali unapotaka kuweka uzee wako, usikimbilie kukikemea. Kiombee kwanza, uulize kimetoka kwa nani. Mtumaini Bwana kwa moyo wote. Yeye hakasiriki ukienda kuangalia. Ardhi ni yake, anajua ilipo, hana haraka ya kupokea pesa yako Jumapili.

Na kama unaogopa kwenda peke yako, njoo pale sokoni kwenye muthokoi. Nitafunika sufuria, nichukue mwavuli, tuende wote. Siku yoyote ya kazi.