Nguzo Nilizosimamisha Chuoni

Ndugu zangu, mkitaka kucheka anzeni sasa, maana hii hadithi inanionyesha mjinga, na mimi mwenyewe ndio nimeileta.

Mnajua nilikuwa kibarua pale chuo cha walimu wa kike, kazi kufyeka nyasi na kuongea sana. Mwalimu mkuu, mama mkali, akaniambia, "Simamisha nguzo mbili za mpira wa kikapu. Pete iwe juu futi kumi." Kazi rahisi! Si nimejenga nyumba ngapi hapa Nyamache? Nikakata miti futi kumi kamili, nikachimba shimo futi mbili, nikazika, nikashindilia vizuri kama nguzo ya nyumba. Naona mafundi kati yenu wameanza kucheka.

Wasichana wakafanya mazoezi muhula mzima, mipira inaingia tu. Tukapanda lori kwenda kucheza na chuo kingine, upande wa Ekerenyo. Baminto, ndugu zangu, nawaambia, ilikuwa aibu! Kila mpira ulipita chini ya pete. Na mimi, mbeba maji, napiga kelele pale kando: "Nyinyi mmekula wimbi ama nyasi?" Watu wakacheka, nikajiona mtu. Halafu nikaegemea nguzo yao, nikatazama juu. Pete yao ilikuwa juu kuliko yetu.

Kurudi, nilikaa nyuma ya lori nikihesabu futi kwa vidole. Wakafikiri naumwa.

Wiki ile mwalimu mkuu akasema timu ivunjwe, warudi kwa shamba la mboga. Mimi nafyeka chini ya dirisha, nasikia kila kitu. Kapteni akamwambia, "Kosa ni langu, mwalimu. Mikono yangu haina nguvu. Nipe muhula mmoja."

Nikatupa panga. Nikaingia bila hodi. "Mikono yake iko sawa. Nguzo ndio fupi. Nilizika futi mbili kati ya zile kumi."

Nikajua kazi imeisha. Lakini mama yule alinipa jembe tu, akanionyesha uwanja. Nikang'oa zile nguzo, nikasimamisha mpya, ndefu. Timu ikaachwa, wasichana wakaanza upya, kila asubuhi kabla ya uji, mvua ama jua. Wakikosa, wananitazama. Mimi nawaokotea mipira.

Wale wa Ekerenyo walipokuja kwetu, tuliwafunga.

Namshukuru yule mama hakunifukuza, na wale wasichana walikubali niendelee kubeba maji. Nanyi vijana wenzangu, ukiharibu kitu sema mapema, kabla mwingine hajaanza kuchukia mikono yake.

Siku hiyo ya kushinda nilikuwa natabasamu kama mimi ndio nilicheza. Kapteni akanipita, jasho linamtoka, akasema, "Mura, wewe kijana, usiende sokoni kujisifu. Nguzo haikufunga bao hata moja."