Kitanda Kilichokatwa Kama Suruali

Benchi letu lina miguu minne: mitatu ya mbao, wa nne ni tofali. Liko barazani kwa fundi cherehani tunayemwita Sentimita, mahali ambapo kahawa haikosi na hoja haziishi. Asubuhi hiyo, mbele ya benchi, kati ya nguzo mbili za baraza, palining'inia machela ya kulalia porini: kitambaa kirefu kigumu, kimetanuliwa kwa fito mbili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, kamba zikipita kingoni kama nyaya za daraja, ili mtu alale amenyooka, asipinde kama ndizi. Ilikuwa ya Mpima, mpima ardhi mwenye mgongo mbovu. Kesho yake alfajiri anaondoka kwenda kupima bonde lenye maji, wiki tatu, mahali ambapo chini hapalaliki. Safari iliyopita alilala kwenye machela ya wavu siku nne, akarudi ameshika kiuno na kazi haijaisha. Akirudi tena kabla ya siku zake, vyombo vya upimaji atapewa mwingine, naye atabaki ofisini akipanga mafaili.

— Nimeilalia jana nyumbani, akasema Mpima. Nikiwa macho, raha tupu. Nikipitiwa na usingizi tu, naamka. Mara tatu. Kama kuna mtu ananibana.

— Hakuna wa kukubana, akajibu Sentimita, pini mdomoni. Nilikupima mwenyewe. Mabega, kiuno, urefu hadi kisiginoni. Nikakata kama ninavyokata suruali: juu pana, chini nyembamba. Miaka ishirini sijarudishiwa kitu.

— Suruali watu hawalali ndani yake, fundi. Huyo alikuwa Breki, dereva mstaafu wa malori.

— Wewe umelala ndani ya hiyo hiyo miaka mingapi?

— Ndani ya kabini, ndiyo maana najua. Tatizo hapa ni mzigo. Kichwa cha Mpima kimejaa elimu, miguu haina kitu. Lori likipakiwa hivyo linainua nyuma. Mfungieni tofali miguuni.

— Tofali lipi?

— Hilo la benchi.

— Halafu sisi tukae wapi?

Breki hakuwa amefika huko. Waya, fundi umeme wetu, akaweka kikombe chini. Waya akiweka kikombe chini, jiandae.

— Mnapiga porojo. Mtu akilala sakafuni, uchovu unashukia ardhini. Ukimning'iniza, uchovu unakosa njia, unazunguka humo humo mwilini mpaka asubuhi. Huyu hana ethi.

— Hana nini?

— Waya wa kwenda ardhini. Nitamfunga mmoja kwenye kidole gumba cha mguu, ncha ya pili tunaichimbia.

— Bondeni kwenyewe kuna maji, akasema Mpima.

— Vizuri zaidi. Maji yanavuta.

— Na radi?

Waya akakiokota kikombe chake.

— Radi nitaifikiria.

— Mimi naona mwili unadanganyika, akadakia Breki. Kitanda kinayumba, mwili unadhani uko safarini. Unaamka kutafuta usukani.

— Mimi si dereva, mzee.

— Mwili haujui umesomea nini.

Tukacheka. Mpima naye alicheka, ila mkono wake ulikuwa kiunoni.

Ndipo akaingia muuguzi mmoja, katoka zamu ya usiku, kafuata sare yake iliyokuwa inapunguzwa. Alisikiliza kidogo, macho mekundu kwa usingizi.

— Samahani, kaka zangu. Kwani huyu analalaje?

— Analalaje vipi?

— Akishasinzia. Chali, ubavu, kifudifudi?

Sentimita akamtazama Breki. Breki akamtazama Waya. Sote tukamgeukia Mpima.

— Nitajuaje, dada, na mimi nimelala?

— Mkeo je?

— Yule hulala kabla yangu na huamka baada yangu. Kwa hilo hana mpinzani.

— Na wewe fundi, ulimpima akiwa vipi?

— Amesimama, akasema Sentimita polepole. Kifua mbele.

Muuguzi akaweka mkoba wake benchini.

— Basi apande, alale.

— Mchana huu? Na makelele ya hawa?

— Waache waongee. Wodini mgonjwa husinzia upesi akisikia watu wanabishana mambo yasiyomhusu.

Mpima akavua viatu, akapanda, akanyooka chali kama rula. Waya akaanza upya habari za ethi, Breki akampinga kwa sauti ya chini, na kabla hawajafika kwenye radi, Mpima alikuwa ameshachukuliwa na usingizi. Tukamwona anageuka ubavu. Magoti yakapanda kuelekea kifuani, yakagonga kitambaa pale kilipoanza kuwa chembamba. Uso ukakunjamana.

— Hapo ndipo anapobanwa, akanong'ona muuguzi.

— Nimemkatia suruali mtu anayelala kama kiti, akasema Sentimita. Shikeni kingo. Tanueni, asiamke.

Breki akashika huku, Waya akashika kule, wakavuta. Kitambaa kikafunguka, magoti yakapata nafasi, uso ukalainika. Sentimita akavua tepu shingoni, akampima nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, akitia alama za chaki taratibu, kama anayempima mtoto mchanga. Kisha akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kuongezea na ufito mrefu zaidi wa miguuni.

— Fundi, tukiachia?

— Msiachie.

Mpima akaanza kukoroma.

— Na ethi je? akanong'ona Breki.

— Vuta upande wako, mzee.

Kahawa yao ikaanza kupoa benchini, vikombe viwili vimejaa, na katika mikono minne hakuna hata mmoja uliokuwa na nafasi.