Ua la Mashindano na Sikio la Rumen

Ndani ya basi la Plovdiv, Bi Penka alipakata chungu cha indrishe, ua lenye majani ya kunukia, akikipeleka kwenye mashindano ya maua. Abiria wa pembeni, Rumen, alikuwa ameshika sikio. "Mama, nichumie jani nitie sikioni. Bibi yangu alitutibu hivyo." "Thubutu! Majaji wanahesabu majani." "Moja tu, sikio linaniua!" "Basi, jani halichumwi. Lete kichwa." Akalikunja jani likiwa bado shinani, akalisokomeza sikioni. Rumen akatulia, shavu ukingoni mwa chungu, kama mtu aliyefika kwao.

Basi likasimama. "Toa kichwa, nashuka." "Ndiyo kwanza linapoa, mama!" Bi Penka akatazama saa. "Haya, inuka taratibu, tushuke wote. Majaji wakiuliza, wewe ni ufito wa kuegemezea ua."